Kijana wangu wa miaka 16 anaruhusiwa kuuza tiketi za bahati nasibu?

SWALI: Shikamoo wakili. Nina kibanda Chikongola hapa Mtwara mjini, natuma na kutoa pesa, nauza vocha na maji, na miezi hii ya karibuni nimeanza kuuza tiketi za bahati nasibu kwa kale kamashine. Kijana wangu ana miaka 16, yuko fomu thrii, akitoka shule ananishikia kibanda mpaka usiku. Mjomba wake ndo alonipa mtaji na anasema hamna shida, kijana alishatoka jando zamani, huyo mtu mzima. Kijana mwenyewe kaangalia kwenye simu ananiambia Uingereza wa miaka 16 anacheza kabisa. Ila juzi nimeshtuka, watoto wanakuja na pesa wanasema wametumwa na baba. Sheria inasemaje, kuuza na kununua? Na nikimnunulia mwanangu tiketi moja kwa jina lake nayo ni kosa?

JIBU: Marahaba dada yangu, habari za Chikongola. Nimelisoma swali lako mara mbili maana ndani yake mna maswali kama manne yamebebana. Nikupe jibu lenyewe kwanza ili usikae roho juu: ni miaka 18. Kununua 18, na kuuza pia ishike hiyo hiyo 18, asikudanganye mtu. Kijana wako wa miaka 16 asiguse hiyo mashine, na hao watoto wanaotumwa usiwauzie hata kama baba yao unamjua na nyumba yao unaiona kutoka hapo kibandani.

Sasa tuje taratibu. Huku bara michezo yote ya kubahatisha, iwe bahati nasibu, iwe kubeti mpira, kasino, hadi yale mashine ya sarafu ya mia mbili ambayo vijana wanayaita dubwi, yote yapo chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, Sura ya 41, ya mwaka 2003, na anayesimamia ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ambayo iko chini ya Wizara ya Fedha. Wazee wetu wanakumbuka bahati nasibu ya taifa ya zamani, ile ilikuwa na sheria yake ya 1974, hiyo ilishafutwa, na hii ya sasa iliyozinduliwa upya 2025 inaenda na sheria ya 2003. Kwa hiyo usikubali mtu akwambie eti bahati nasibu ni ya serikali kwa hiyo haina mambo ya umri kama kubeti, hapana, mstari ni mmoja, aliye chini ya miaka 18 hachezi. Ndo maana kila tangazo unaona pale kwenye kona wameandika 18+, wengi tunapita tu hatusomi.

Na 18 maana yake ametimiza. Watu wanachanganya sana hapa, anakwambia "naingia wa kumi na nane", sawa anaingia lakini hajafika. Mtoto aliyezaliwa tarehe 20 Novemba 2008 anatimiza 18 tarehe 20 Novemba 2026, akija kibandani kwako tarehe 19 bado ni mtoto, mwambie arudi kesho.

Upande wa kuuza ndo watu wengi hawauliziagi, na nashukuru umeuliza, maana wenye vibanda wengi wanajua mteja ndo mwenye umri na yule aliyekaa nyuma ya meza anaweza kuwa yeyote. Angalia hivi. Ile mashine umepewa kwa mkataba, na mkataba huo umesajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Kijana wako hana kitambulisho cha NIDA maana kinatolewa kwa aliyefika 18, na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 11 inasema anayeweza kuingia mkataba ni aliyefikisha umri wa utu uzima, ambao kwetu ni 18. Kwa hiyo yeye hawezi kuwa wakala hata kidogo, na kila anachouza akiwa peke yake pale kimeandikwa kwa jina lako. Ile risiti inayotoka si ina saa? Siku akimuuzia mtoto mwenzie saa tatu na nusu usiku, karatasi inasema wewe ndo umemuuzia mtoto saa tatu na nusu usiku, na wewe muda huo uko nyumbani unapika.

Halafu kuna Sheria ya Mtoto ya 2009. Hii haimkatazi mtoto kusaidia mzazi, nisikutishe bure. Kuanzia miaka 14 mtoto anaweza kufanya kazi nyepesi, yaani kazi isiyoumiza afya wala makuzi yake na isiyomharibia shule. Akikuuzia maji, karanga, vitumbua jioni baada ya masomo, hiyo ni malezi yetu na hakuna atakayekuuliza. Ila sheria hiyo hiyo inakataza mtoto kuajiriwa usiku, kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, na inakataza kazi za hatari, na kwenye hizo kazi za hatari imetaja waziwazi sehemu kama baa, hoteli na kumbi za starehe ambako mtoto anaweza kukutana na tabia mbaya. Utaniambia kibanda chako sio baa, ni kweli. Lakini hebu fikiria nani anakuja kwenye kile kibanda saa mbili na nusu usiku kuulizia namba, wangapi wameshakunywa, wangapi wamepoteza wanataka kurudisha, na mtoto wa fomu thrii ndo anapokea hasira zao na hela iko kwenye droo. Mimi ningesimama mbele ya hakimu ningeshindwa kuitetea hiyo kuwa ni kazi nyepesi, nakwambia ukweli.

Kitu kingine, mtoto hawezi kumuuliza mkubwa kitambulisho. Na mtoto hawezi kumnyima rafiki yake wa darasani.

Sasa hili la jando. Mimi ni mtu wa huku huku, nimezaliwa Nachingwea, jando na unyago siwezi kuyadharau, nimewapikia wali, yaani vijana wa jando, waliotoka porini na nimelia kwa furaha watoto wa ndugu zangu waliporudi wamevaa nguo mpya. Nafahamu mjomba akisema kitu kwa mtoto wa dada yake huku kwetu limesemwa, na kama ndo katoa mtaji basi mama unabaki unaangalia chini. Na mjomba hasemi uongo, kwa mila kijana aliyetoka jando ni mkubwa, anaweza kuzika, anaweza kukaa na wanaume, hawezi kulala chumba kimoja na mama yake. Lakini dada yangu, watoto wetu wanaingia jando na miaka minane, tisa, kumi, wanapelekwa likizo wanarudi shule darasa la tatu. Kama jando ndo kipimo cha kununua tiketi basi darasa la tatu zima wangekuwa wateja wako. Mila inasema amejifunza heshima na siri za wakubwa. Sheria inaangalia kitu kingine kabisa, inaangalia kama anaweza kukaa na pesa yake mwenyewe akaipoteza na akabeba hasara bila kumvuta mtu mwingine. Mjomba mwambie hivyo, kwa adabu, na mwambie pia kwamba likitokea jambo halianzi kwake, linaanza kwa mwenye jina kwenye mashine.

Na wale waliomaliza fomu foo, usidanganyike, kumaliza shule si umri, kuna watoto wanamaliza na miaka 16, 17. Aliyeolewa au kupata mtoto naye ni vile vile, kuolewa hakuongezi miaka. Bodaboda anayekuletea abiria kila siku naye muulize, wapo wanaoendesha hawajafika.

Hili la "nimetumwa na baba" ndo linaloniumiza zaidi kwa sababu linaonekana dogo. Huku kumtuma mtoto dukani ni kawaida, chumvi, mafuta ya taa, vocha, na mtoto anayekataa kutumwa ana matatizo. Lakini tiketi anayenunua ni yule aliyenyoosha mkono na pesa mbele yako, wewe huna namna ya kuthibitisha kama baba yupo au hayupo. Akinunua mtoto, umemuuzia mtoto. Baba anataka kucheza aje mwenyewe, si anajua njia. Na kuna mambo hayasemwi, unajua baba wengine wanamtuma mtoto kwa sababu wanaona aibu wao wenyewe kuonekana pale, na mtoto akishaenda mara kumi anajua namba za baba, anajua siku ya droo, siku ya kumi na moja anaenda na hela yake ya madaftari. Nimekaa na wazazi ofisini wanasema hawajui mtoto kajifunzia wapi, na mtoto yuko pembeni anaangalia sakafu.

Msimu uliopita wa korosho nilikuwa nasubiri gari stendi ya Mkanaledi, pembeni kuna kibanda cha dada mmoja kama wewe. Kaja kijana mrefu, sweta juu ya shati jeupe, elfu tano imekunjwa vidoleni imelowa jasho. Kaomba tiketi tatu. Yule dada hakumuuliza una miaka mingapi, kamuuliza "umezaliwa mwaka gani?" Kijana kataja mwaka fasta bila kufikiria, kajiandaa. Dada kasema haya, darasa la saba ulimaliza lini? Hapo kijana kanyamaza, macho yanaenda juu anapiga hesabu, na hesabu haikukaa sawa. Dada kamrudishia elfu tano yake kwa mikono miwili, kamwambia mwanangu nenda kanunue maji, hiyo nyingine ya nauli. Hakumfokea, hakumuaibisha mbele za watu, na kijana kaondoka kimya. Mimi nimesoma sheria miaka yote lakini ile njia nilikuwa siijui, nakupa na wewe uitumie. Ukimuuliza mtu ana miaka mingapi anakupa namba. Muulize mwaka, halafu muulize kitu cha pembeni.

Ukibaki na wasiwasi omba kitambulisho. Cha NIDA kinatosha, kadi ya mpigakura nayo angalia tarehe ya kuzaliwa, cheti cha kuzaliwa sawa. Kitambulisho cha shule hakisaidii, kinakwambia tu kwamba ni mwanafunzi, ambayo kwa kweli ingetosha kukuzuia. Hana chochote? Usiuze. Ukimkosa mteja mmoja umekosa kamisheni ya tiketi moja. Bodi ina mamlaka ya kusimamisha na kufuta leseni, na hiyo kampuni iliyokupa mashine haitakubali kuhatarisha leseni yake kwa ajili ya kibanda kimoja cha Chikongola, watakunyang'anya mashine hata kabla Bodi haijafika.

Sasa simu, na hapa naomba unisikilize hata kama hukuuliza, maana wewe unatuma na kutoa pesa na utayaona mengi kuliko mimi. Siku hizi mtoto hahitaji kibanda. Laini za simu zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, mtoto hana, kwa hiyo laini anayotumia iko kwa jina la mama au bibi. Akicheza kwa laini hiyo mfumo unamuona mama. Kuna bibi mmoja wa kule Newala aliletwa kwangu na binti yake, hela yake ya korosho ilikuwa imeingia baada ya mnada, meseji ikaja, yeye hajui kusoma, kampa mjukuu wa miaka 15 amsomee. Kampa na namba ya siri amtolee hela ya salfa, dawa ya mikorosho. Ndani ya wiki mbili hela ilikuwa imetoka kidogo kidogo, elfu mbili, elfu tatu, elfu tano, nyingine usiku wa manane. Tulipochapisha taarifa ya muamala ile karatasi ilikuwa ndefu kuliko meza yangu. Bibi aliishika akauliza "hizi zote ni mimi?" Kwenye mfumo, ndiyo, zote ni yeye. Kampuni ikasema mchezaji wetu ana zaidi ya miaka 60, tumekosea wapi? Na kisheria kubishana nao ni kazi ngumu mno maana namba ya siri ilitolewa kwa hiari. Tulichoweza ni kufunga ile akaunti ya mchezo na kubadilisha namba ya siri, hela haikurudi. Msimu wa korosho kuanzia Oktoba hela inaingia kwenye simu za wazee ambao wajukuu ndo macho yao, kwa hiyo ukiona kijana kaja na simu ya bibi kutoa hela mara tatu kwa siku, muulize bibi yuko wapi. Sio sheria inayokulazimisha, nakuomba tu.

Kuhusu Uingereza, kijana wako hajakosea sana, kasoma kitu cha zamani. Kweli bahati nasibu yao ya taifa ilipoanza 1994 waliweka miaka 16, ikakaa hivyo zaidi ya miaka 25. Lakini 2021 walipandisha, kwanza wakafunga kwa wanaonunua mtandaoni, halafu kuanzia Oktoba mwaka huo sheria ikasema 18 kila mahali. Marekani kila jimbo na lake, mengi ni 18, Nebraska ni 19, Arizona na Iowa na Louisiana ni 21. Kenya ni 18 kama sisi. Na majirani zetu Uganda ndo wameenda mbali kabisa, sheria yao ya 2016 inasema miaka 25, yaani kijana amemaliza chuo bado haruhusiwi. Mwonyeshe kijana hilo, maana anayetafuta nchi ya kumpa ruhusa anaweza kutua Kampala. Kwa vyovyote ukiwa Mtwara unaenda na ya Tanzania.

La mwisho, tiketi kwa jina lake. Ukinunua wewe kwa hela yako, tiketi ni yako, umecheza wewe mtu mzima, hapo hakuna kosa. Tatizo linaanza ukisajili namba yake au jina lake kama mchezaji. Kwanza umemwingiza mtoto kwenye mchezo. Pili, na hili watu hawalifikirii, siku tiketi ikishinda hela ya maana ataombwa kitambulisho, na hana. Ule mkataba wa mtoto sheria inauhesabu kama haupo, kwa hiyo wanaweza kugoma kumlipa huo ushindi. Nani utamlilia? Kama nia yako ni mtoto afaidike, cheza kwa jina lako kama lazima ucheze, ukishinda kamfungulie akaunti ya mtoto benki, zipo benki nyingi hata hapo mjini, unaiendesha wewe mzazi mpaka afike 18. Ila kusema kweli elfu moja ya tiketi kila wiki ukiiweka moja kwa moja humo humo, fomu foo akimaliza utakuwa na elfu hamsini na kitu kwa kila mwaka bila kusubiri namba itoke.

Cha kufanya kesho asubuhi. Mashine iwe na namba ya siri yako, kijana asiijue, na kama anaijua ibadilishe leo. Akitoka shule akae auze maji na vocha mpaka saa kumi na mbili, kumi na mbili na nusu, wewe ukiondoka mashine unaondoka nayo kwenye pochi. Bandika karatasi ukutani kwa mkono wako mwenyewe, herufi kubwa, CHINI YA MIAKA 18 HATUUZI TIKETI HATA KAMA UMETUMWA, hiyo "hata kama umetumwa" usiisahau, itakuokoa kubishana. Ukiona mtoto yule yule anarudi rudi na hela ambayo hujui anapata wapi, ongea na mzazi, ikishindikana kuna ofisi ya ustawi wa jamii pale halmashauri, kuna dawati la jinsia na watoto polisi, na namba 116 ya kusaidia watoto ni bure kupiga.

Na mjomba akikasirika kwamba mauzo ya usiku yamepungua, mpe karatasi hii asome, au aje ofisini kwangu tuongee nae, nitamchemshia chai. Kijana wako mwache asome, mtihani wa fomu foo sio mbali.